Eti "alikuwa dereva tu"

Juzi tena. Kijana kamleta baba yake kliniki hapa Tabora, mzee aliyepigana vita vya Kagera. Kabla sijafungua faili akaniwahi: "Dokta, mzee hakupigana huyu. Alikuwa dereva tu." (Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, lakini kusahihisha nimeshachoka.) Mzee akainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa akidanganya.

Dereva tu! Lori lililopeleka risasi mbele mwaka 1979, mnadhani lilirudi tupu? Kubeba maiti ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuacha kiwewe kibaya, yaani jeraha la akili lisilopona lenyewe kirahisi, hata kwa asiyefyatua risasi moja. Tena maiti za wenzako, unaowajua hadi utani wao.

Ukali wa mapigano una uzito katika nani atapata kiwewe, sikatai. Utoto wa mateso nao una uzito. Hayo yamo vitabuni, tuyaache.

Kinachonikera ni kuulizana nani aliona makubwa zaidi, kana kwamba kiwewe ni medali. Tafiti nyingi zilipojumlishwa, yaliyomkuta mtu baada ya tukio yalionekana kuwa na nguvu kuliko mengi ya kabla yake: alipokelewaje, nani alimsikiliza, shida gani zilimwandama. Chukua mgambo wawili waliopita Masaka, kule Uganda, pamoja vitani. Mmoja karudi Urambo, ana jirani aliyekuwa naye kikosini, jioni wanakumbushana na kucheka. Mwingine kaambiwa "kaza moyo, wewe mwanaume", akakaza miaka 40. Mnataka wafanane?

"Mbona miaka yote alikuwa mzima?" Alikuwa na tumbaku ya kupalilia! Kazi iliyafunika. Sasa miguu imegoma, usiku umekuwa mrefu, majinamizi yamerudi, nanyi mnatafuta aliyemroga.

Na askari aliyetoka Kongo jana msimkalishe leo mkitaka "atoe yote". Kumkamua mtu simulizi kwa kikao kimoja mara tu baada ya tukio kumepimwa: hakuzuii kiwewe, na kuna wanaozidi kuumia.

Nami nina mashaka yangu. Ugonjwa huu wa kiwewe (PTSD kwa Kiingereza) uliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya maveterani wa Vietnam, na madodoso tunayotumia yana harufu ya kwao. Mzee wa Kinyamwezi haniambii kwamba kumbukumbu zinamvamia. Ananiambia kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio. Nimpe alama ngapi hapo? Nakadiria. Kuna niliowaandikia kiwewe kumbe ni sonona, na mmoja kumbe ilikuwa gongo, basi.

Yule kijana nilimwomba asubiri nje. Nikamuuliza mzee lori lake lilikuwa la aina gani. Alizungumzia gia na breki kwa dakika ishirini, mikono ikiendesha hewani. Mzigo hakuutaja, nami sikuuliza. Atarudi Alhamisi.