Seli shina: jina moja, mambo mawili tofauti

Mwezi uliopita shangazi yangu alinitumia picha ya kipakiti cha rangi ya fedha, na ujumbe wa sauti nyuma yake. Ndani ya kipakiti mna unga, na mbele pameandikwa kwamba ni seli shina za tufaha. Aliuziwa na mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa ajili ya magoti yanayomsumbua siku nyingi. Ila swali lake halikuwa la magoti. "Mwanangu, hizi ndizo zile za Dodoma? Maana huyu mama anasema zinatibu mpaka selimundu, nikamwaza mjukuu."

Za Dodoma alizisikia redioni. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto, yaani ute wa mifupani, kwa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, na madaktari walipoeleza walisema kinachopandikizwa hasa ni seli shina. Neno ni lile lile lililo kwenye kipakiti. Kwa hiyo swali la shangazi ni la mtu aliyesikiliza vizuri, na linastahili jibu refu kuliko "achana nazo".

Seli nyingi za mwilini zina kazi moja na siku zake zimehesabiwa. Seli nyekundu ya damu huishi siku kama 120, inabeba oksijeni, haina hata kiini, na haiwezi kuzaa nyingine. Hata hivyo mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo milioni mbili kila sekunde. Zinatoka kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mifupa ambao mnywaji wa supu ya mifupa anaujua kwa ulimi. Humo zimo seli chache sana ambazo zikigawanyika, nyingine hubaki kama mama yao alivyokuwa na nyingine huenda kujifunza kazi: kubeba oksijeni, kupambana na vijidudu, kugandisha damu kwenye kidonda. Hizo chache zinazobaki ndizo seli shina.

Aliyelima migomba hahitaji maelezo mengi. Kile tunachokiona kimesimama juu ni magome ya majani yaliyokumbatiana; shina la kweli limekaa chini ya udongo. Mgomba uliozaa unakatwa, na lile la chini linatoa chipukizi jingine.

Kitaalamu zinaitwa seli shina za watu wazima, jina ambalo kwangu linapotosha kidogo, kwa kuwa hata mtoto mchanga anazo, na damu ya kitovu inazo pia. Maana yake ni kwamba zimetoka katika mwili uliokwisha kuumbika, si katika kiinitete cha siku chache. Seli ya kiinitete inaweza kugeuka aina yoyote ya seli ya mwili. Ya mwili ulioumbika ina ukoo wake: ya damu huzaa damu, ya ngozi huzaa ngozi. Shina la mgomba halitoi muhogo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu nitalirudia.

Waliozithibitisha ni James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, mmoja mwanafizikia na mwingine daktari. Waliwapiga panya mionzi mpaka uloto wao ukafa, kisha wakawadunga uloto wa panya wengine. Baada ya siku kama kumi wengu za panya zilikuwa na vinundu, na kadiri walivyodunga uloto mwingi, ndivyo vinundu vilivyoongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, wakiwa na mwenzao Andrew Becker, walionyesha kwamba kila kinundu kilizaliwa na seli moja tu.

Upandikizaji wa uloto umejengwa juu ya vinundu hivyo. Mtu akisikia "upandikizaji" huwazia kisu na mshono, lakini ukikaa kando ya kitanda cha mgonjwa siku yenyewe utaona mfuko unaofanana kabisa na wa damu, umetundikwa kwenye stendi, ukidondoka tone kwa tone kupitia mrija hadi kwenye mshipa. Seli zile hutafuta njia zenyewe mpaka ndani ya mifupa. Kisha kinafuata kipindi cha kusubiri, kwa kawaida wiki mbili mpaka nne, mgonjwa akiwa katengwa kwa kuwa hana kinga, damu ikipimwa kila siku kuona kama seli mpya zimeshika. Kushika kwenyewe ndiko kule kwa mche: umeupanda, unasubiri uone jani.

Ugumu uko kabla na baada. Kabla, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake ili kupata nafasi, na dawa hizo zinaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Baada, seli za kinga zilizotoka kwa mtoaji zinaweza kumwona mgonjwa mgeni na kumshambulia ngozi, ini na utumbo. Ndiyo maana hutafutwa kwanza ndugu wa baba na mama mmoja ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa. Kwa kila ndugu nafasi ni moja kati ya nne. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza mwaka 2021, ilianza na wagonjwa wa saratani ya damu waliorudishiwa seli zao wenyewe, njia isiyohitaji mtoaji. Selimundu haiwezi kutibiwa kwa kumrudishia mtu seli zake vivi hivi, maana zinabeba kosa lile lile la kurithi.

Hapa wanyama wanaingia, na si kwa mlango wa nyuma. E. Donnall Thomas, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1990 kwa upandikizaji huu, alijaribu kwa binadamu miaka ya 1950 na wagonjwa karibu wote wakafariki. Akarudi kwa mbwa. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walijifunza kwa mbwa jinsi ya kulinganisha tishu na jinsi ya kutuliza vita vya seli mpya dhidi ya mwenyeji. Mbwa wa tumbo moja waliolingana tishu waliishi, wengine walikufa. Kila mtoto anayetoka wodi ya uloto akiwa mzima ana deni kwa wale mbwa, na sidhani tunalitaja vya kutosha.

Sasa jambo la pili linalobebwa na jina hili. Kwenye uloto na kwenye mafuta ya mwili kuna seli nyingine ambazo zikilishwa vizuri maabara zinaweza kugeuka mfupa, gegedu (ule mto laini wa kwenye maungio) au mafuta. Mwaka 1991 Arnold Caplan, Mmarekani, alizipa jina la seli shina, na matumaini yakawa makubwa: goti limelika, dunga seli, gegedu itaota. Lakini zikidungwa kwenye mwili wa kiumbe hai, nyingi hufa au kupotea baada ya siku au wiki chache bila kuwa gegedu. Zinachofanya, zikifanya kitu, ni kumwaga kemikali zinazotuliza uvimbe. Caplan mwenyewe alikuja kuandika mwaka 2017 kwamba jina alilotoa libadilishwe. Mtu kukana jina alilolibuni mwenyewe ni uungwana mkubwa, lakini wauzaji walikuwa wameshalichukua.

Matibabu ya wanyama wa nyumbani na farasi yapo karibu yote katika kundi hili la pili. Huko Marekani na Ulaya daktari wa mifugo humlaza mbwa mwenye maumivu ya nyonga, anamtoa kipande cha mafuta, seli zinachujwa, kisha zinadungwa kwenye kiungo. Farasi wa mbio walioumia kano hutolewa uloto kwenye mfupa wa kifua. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya kwanza ya seli shina kwa mifugo, ya farasi wanaochechemea.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa paka. Kuna ugonjwa unaowashambulia fizi na kinywa kizima mpaka paka anadondosha mate, anakisogelea chakula kwa njaa halafu anarudi nyuma kwa maumivu. Wengine hung'olewa meno na bado hawaponi. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, paka saba wa namna hiyo walidungwa seli za mafuta yao wenyewe. Watano walipata nafuu, na kati yao watatu walipona kabisa. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Ni paka saba tu, lakini yana mantiki: ugonjwa ule ni wa kinga iliyochachamaa, na kutuliza ndiko seli hizi zinakoweza. Kwa mbwa anayechechemea imani yangu ni ndogo zaidi. Mbwa hajui kama amedungwa seli au maji, ila mwenye mbwa anajua, na mwenye mbwa ndiye anayeulizwa kama anatembea vizuri.

Kwa binadamu, pengo kati ya jina na kazi limeshaumiza watu. Mwaka 2015, huko Florida, wanawake watatu wenye ugonjwa wa macho wa uzeeni walitolewa mafuta tumboni, wakadungwa seli zake macho yote mawili siku moja, kwa dola 5,000. Waliingia wakiona kiasi. Baada ya siku chache uoni wao ulikuwa umeharibika vibaya, na mmoja akabaki kipofu kabisa. Seli ya mafuta haina ukoo na jicho.

Na kipakiti cha shangazi? Huo ni unga mkavu wa mmea. Ungekuwa hata na seli nzima za tufaha, tumbo litazisaga kama linavyosaga tufaha lenyewe, na hakuna njia ambayo seli ya mti itaingia kwenye uloto wa mtoto izae damu. Hata seli halisi za binadamu, zile za Dodoma, zisingefika kwenye mifupa kwa kumezwa.

Nilimpigia simu. "Shikamoo shangazi, si zenyewe." Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, mgomba na mbwa na vyote. Nikamsihi mjukuu asiachishwe haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, hata siku moja kwa ajili ya unga huu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza habari ya ile moja kati ya nne, kama inahesabika kwa kila ndugu au kwa wote kwa pamoja. Kwa kila ndugu, nikamwambia. Nikasikia anahesabu majina upande wa pili: mjukuu ana kaka wawili na dada mmoja, baba na mama mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye selimundu. Wote watatu bado hawajapimwa.