Muda wa safari ya ndege si muda wa kukaa angani

Ukianza mjadala wa ndege za Dar kwenda Mwanza, hakosekani mpiga hesabu. Umbali kilomita 850, tiketi inasema saa moja na nusu, gawanya, unapata kama kilomita 570 kwa saa. Basi, ndege zetu zinatambaa! Kugawanya kwake hakuna kosa. Kosa liko kwenye ule muda alioushika.

Umbali hauna maneno mengi. Umbali wa anga ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Dar na Mwanza ni kama kilomita 850, wakati basi linalozunguka Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga linapita kilomita 1,100. Rubani atakwambia maili 460 hivi, naye hajakosea: hizo ni maili za baharini, kila moja mita 1,852. Ukizihesabu kama maili za barabarani utaishia kilomita zaidi ya mia kabla ya Mwanza.

Kwenye muda ndiko watu wanakochanganya. Muda wa kwenye tiketi unaanza kuhesabiwa kabari zikishatolewa kwenye magurudumu na ndege ikaanza kuondoka pale ilipoegeshwa. Unaisha ikishaegeshwa kule iendako. Humo ndani kuna kutembea taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kuna kusubiri mwenzako atue, na kuna akiba ambayo shirika limejiwekea makusudi ili foleni kidogo isiharibu ratiba ya siku nzima. Ndiyo maana mnatua mapema na abiria wanamsifu rubani kwa kukimbiza, kumbe kaenda mwendo wake wa kila siku.

Muda wa angani ni kuanzia magurudumu yanapoiacha lami mpaka yanapoigusa tena. Kwa jeti ya Mwanza, ni kama saa moja na dakika kumi. Hata huo nao si wa kugawia kilomita 850 ukadhani umepata kasi, kwa sababu ndege hupaa ikikabili upepo, si ikielekea unakokwenda. Kaskazi ikivuma, ya Dar hupaa kuelekea kaskazini mashariki, halafu ndiyo igeuke kushoto kuifuata Mwanza. Kupanda kunakula muda, kushuka vilevile.

Zanzibar inaonyesha vizuri zaidi. Ni kilomita 70 na ushee kutoka Dar, na ratiba inatoa dakika 20 hadi 25. Piga hesabu ileile na utapata mwendo usiopishana sana na treni ya umeme ya Dodoma! Ndege haijatulia juu, tayari inashuka.

Wa Kigali wana lao: tiketi huandika saa za mahali, na Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kurekebisha hilo, safari inafupika kimiujiza, na wakati wa kurudi inarefuka.

Kwa hiyo sema "safari ni saa moja na nusu", hakuna atakayekupinga. "Tunakaa angani saa moja na nusu" ndiyo tuiache. Na kama shida yako ni kasi, usiitafute kwenye tiketi: hata ndege za pangaboi tunazozicheka, kama Dash 8-Q400, zikishatulia juu, huenda kama kilomita 650 kwa saa.