Je, wajua kwanini mcheza raga wa kulipwa anastaafu akiwa bado chalii?

Ilikuwa Jumamosi, Oktoba 28, 2023, saa nne usiku, kibanda umiza kimoja pale Ngarenaro, Arusha. Mechi za Uingereza zilishaisha, watu wanamalizia soda zao, mwenye banda akaacha king'amuzi kwenye fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na New Zealand, wanacheza Paris. Nusu ya watu wakaondoka. Tuliobaki tukaanza kubishana, maana hakuna aliyejua sheria vizuri, sema mi kidogo nafuatilia. Chalii mmoja wa bodaboda akauliza, hivi haya majitu yanalipwa kweli? Na mbona wachezaji kadhaa wanasemekana leo ndo mwisho wao timu ya taifa na hawana hata mvi moja?

Swali zuri sana lile, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Raga ya watu 15 kila upande ilikuwa marufuku kulipwa kwa miaka 100. Sio utani. Mwaka 1895 klabu zaidi ya 20 za kaskazini mwa Uingereza zilikutana hotelini mji wa Huddersfield zikajitoa kwenye chama, kisa wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani, ukienda kucheza Jumamosi unakosa siku yako ya kazi, wakaomba basi tufidiwe ile posho tunayoikosa, wakubwa wa London wakagoma. Waliojitoa wakaanzisha raga yao ambayo leo ina watu 13. Waliobaki wakashikilia msimamo kwamba pesa ni dhambi, na walikuwa wakali balaa. Gareth Edwards wa Wales, ambaye wengi wanamuweka kati ya wachezaji bora wa muda wote, alistaafu 1978, akatoa kitabu cha maisha yake na kuchukua hela ya kitabu. Basi! Wakamhesabu ni mtu wa kulipwa, akafungiwa kujihusisha na raga, hata kufundisha watoto haruhusiwi. Kwa kitabu tu jamani.

Kwahiyo enzi zile kila mchezaji alikuwa na kazi yake nyingine: mwalimu, askari, mkulima. J.P.R. Williams, beki wa nyuma wa Wales miaka ya 70, alikuwa daktari aliyekuja kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa, yaani wikiendi anavunja watu na Jumatatu anawaunga (hii nimeitunga mi, ila si unaona ilivyokaa).

Kilichobadilisha mambo ni televisheni. Kombe la Dunia la 1995 Afrika Kusini, lile ambalo Mandela alimkabidhi kombe nahodha Francois Pienaar akiwa amevaa jezi ya Springboks, yaani timu ya taifa ya Afrika Kusini, lilimtoa Jonah Lomu wa New Zealand, kijana wa miaka 20, akawafunga England trai 4 kwenye nusu fainali (trai ni kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), moja alimkanyaga mtu kabisa akapita juu yake. Dunia nzima ikamjua halafu kwenye makaratasi jamaa ni mchezaji wa ridhaa! Siku moja kabla ya fainali, vyama vya Afrika Kusini, New Zealand na Australia vikatangaza dili la televisheni na kampuni ya tajiri Rupert Murdoch, dola milioni 550 kwa miaka 10. Huku pembeni kuna mradi mwingine uliokuwa na mkono wa tajiri Kerry Packer unasainisha wachezaji kimyakimya. Wakubwa wakaona hapa tukikaza tunabaki na viwanja bila wachezaji, Agosti 1995 wakaruhusu malipo.

Sasa hapo ndo utamu na uchungu vilipoanza pamoja. Mtu akishalipwa anashinda gym wiki nzima, anakula kwa ratiba, anapima kila kitu, anakuwa mkubwa na bado ana mbio. Fowadi, yaani mchezaji wa mbele, wa kwenye skramu (pale timu mbili zinapokumbatiana na kusukumana kugombea mpira) ana kilo 110 na ushee, wako nane kila upande, fanya hesabu mwenyewe, ni kama tani moja inasukumana na tani nyingine na kwenye shingo za wale watatu wa mbele ndo mzigo unapokutana. Ule usiku wa Paris Pieter-Steph du Toit aliangusha watu mara 28 ndani ya dakika 80. Ishirini na nane! Wewe jaribu kujirusha kwenye gunia la mahindi linalokimbia mara tano tu halafu uniambie kesho yake unaamkaje. Handré Pollard ndo alifunga pointi zote 12 za Afrika Kusini kwa mguu, wakashinda 12-11, ila mchezaji bora wa mechi alikuwa du Toit.

Sasa mwili una kikomo. Sam Warburton alikuwa nahodha wa Wales akiwa na miaka 22 tu, akaja kuwa nahodha wa Lions (timu ya pamoja ya England, Scotland, Wales na Ireland) mara mbili, na 2018 akatundika daluga akiwa na miaka 29 sababu shingo na goti vimegoma. Wenye bahati wanafika thelathini na kitu. Tendai Mtawarira, wenyewe wanamuita Beast, mzaliwa wa Harare aliyechezea Springboks mechi 117, alibeba kombe 2019 akaaga timu ya taifa na miaka 34, na kwa mtu wa skramu hiyo ni kazi ndefu.

Chalii wa boda akadakia, aisee kumbe ni kama pikipiki ya mkataba, ukimaliza marejesho na yenyewe imekufa. Banda zima likacheka.

Kichwa ndo kibaya zaidi. Steve Thompson alikuwemo England iliyobeba kombe 2003, akagundulika na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 42, anasema hakumbuki kabisa kushinda lile kombe. Siku hizi mtu akigongwa kichwa anatolewa nje anapimwa dakika 12.

Na pesa yenyewe sio ile ya mpira wa miguu mnayoiwaza. Ufaransa na Japani wanalipa vizuri, ila Uingereza klabu za Worcester na Wasps zilianguka 2022 kwa madeni, London Irish ikafuata 2023, wachezaji wa Worcester na Wasps wakajikuta hawana kazi msimu unaendelea. Wasps waliwahi kuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili! Hapa kwetu Chuga tuna Arusha Rhinos, ila Tanzania hatuna ligi ya kulipwa kwahiyo watu wanacheza kwa mapenzi, kama Wales ya zamani tu.

Ndo maana wajanja wanaandaa kazi ya pili mapema. Jamie Roberts wa Wales alimaliza udaktari 2013 huku bado anacheza. Na Kenya, ambao raga ya watu saba wanaijua haswa (2016 waliwapiga Fiji 30-7 fainali ya Singapore), walikuwa na Dennis Ombachi, ambaye sasa ni yule jamaa wa video za mapishi. Dada yangu yuko Moshi, anapika kwa kuangalia video zake muda mrefu tu. Nilipompigia kumwambia yule mtu wake alikuwa anakimbizana na Wafiji uwanjani akasema acha uongo, wewe umetoka wapi usiku huu.