Ugonjwa wa Huntington: unaanza ukubwani au tumboni mwa mama?

Huntington ni ugonjwa wa kurithi unaoua seli za neva, hasa zile za ndani ya ubongo zinazoratibu mwendo. Kwa kawaida hujitokeza kati ya miaka 30 na 50. Mabega na vidole huanza kuchezacheza vyenyewe, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, hasira zinapanda bila sababu, kisha akili inazorota. Mtaani watu husema amelewa, au ana mapepo. Kumbe protini iliyomfikisha hapo alikuwa nayo tangu mimba ilipotungwa.

Kasoro yenyewe ni ipi?

Kwenye kromosomu ya 4, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, kuna jeni inayoelekeza mwili kutengeneza protini iitwayo huntingtini. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za kinasaba, CAG, hujirudia mfululizo. Watu wengi wana marudio yasiyozidi 26. Mwenye 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue. Mwenye 40 na kuendelea ataugua akijaliwa umri mrefu. Marudio yakizidi, protini hutoka ikiwa na sehemu ndefu kupita kiasi.

Jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1993, na msaada mkubwa ulitoka kwa familia za kandokando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako wagonjwa ni wengi mno. Walitoa damu yao wakiwa maskini, na mengi tunayoyajua leo yametokana na damu hiyo.

Huntingtini ina kazi gani kwa mtoto aliye tumboni?

Kubwa sana. Panya wa maabara walioondolewa jeni hii kabisa hufa wakiwa bado viinitete. Ubongo unapojengeka, seli shina, yaani seli changa zinazozaa nyingine, hujipanga kuzunguka nafasi zenye maji zilizo katikati yake. Kila seli inapogawanyika, zinazozaliwa ama zibaki seli shina ziendelee kuzaa nyingine, ama zigeuke neva na kuhamia juu kwenye gamba la ubongo. Huntingtini ni miongoni mwa protini zinazosaidia mgawanyiko huo uende kwa mpangilio.

Ikiwa na kasoro, nini hutokea?

Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walichunguza tishu za ubongo wa vijusi vya wiki 13 vilivyobeba kasoro hii. Huntingtini haikukaa mahali pake, na protini zinazoshikanisha seli shina nazo zilikuwa zimehama. Seli zilizoendelea kugawanyika zilikuwa chache kuliko kawaida, na nyingine ziligeuka neva kabla ya wakati. Yaani kazi ilishaharibika miongo kadhaa kabla ya dalili ya kwanza.

Mbona basi mtoto huzaliwa mzima?

Hili ndilo swali zito. Sehemu ya jibu ni kwamba ubongo mchanga una uwezo mkubwa wa kufidia. Mtoto huyo atatembea, atasoma, ataoa au kuolewa. Sehemu nyingine inatokana na marudio yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba ndani ya neva zinazokufa zaidi, CAG huendelea kuongezeka polepole maisha yote, na seli huvurugika yakishapita takriban 150. Kwangu mimi maelezo haya mawili hayagongani: ubongo hujengwa na udhaifu fulani, kisha umri unaumalizia.

Kuna habari ya kutia moyo pia. Panya wenye kasoro hii walipotibiwa siku zao za mwanzo tu baada ya kuzaliwa, walionyesha dalili chache ukubwani. Hao ni panya. Kwa binadamu bado hakuna dawa ya kuuzuia, zipo za kupunguza mitikisiko na kutuliza akili.

Mama alikosea kitu wakati wa ujauzito?

Hapana. Si chakula, si kazi ngumu, si jicho la mtu. Mzazi yeyote mwenye kasoro, baba au mama, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto.

Huku Afrika upo?

Upo, ila mara nyingi hautambuliwi. Tena kuna ugonjwa unaofanana nao sana, unaotokana na jeni nyingine iliyo kwenye kromosomu ya 16, na karibu wagonjwa wake wote wana asili ya Afrika. Kwa hiyo kipimo cha Huntington kikirudi safi wakati dalili zipo, daktari aufikirie na huo.

Nipime?

Ni hiari yako, na ushauri nasaha utangulie, kwa sababu majibu yanawagusa pia ndugu na watoto wako. Aliye chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi. Aachwe akue aamue mwenyewe. Ukienda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, beba karatasi yenye orodha ya wazazi, babu, bibi, wajomba na shangazi: nani aliwahi kutikisika hivyo, na alikuwa na umri gani alipoanza.