Je, Wajua Kwa Nini Yai Hufa Kabla Kuku Hajaliatamia?

Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Tabora hupita nyuzi 30. Ndio mwezi ambao mtetea huatamia mayai kumi na mawili akatotoa vifaranga watano, na lawama zote zikamwangukia jogoo. Mara nyingi jogoo anaonewa.

Yai linapotagwa, kazi ilishaanza zamani. Mbegu ya jogoo hukutana na kiini juu kabisa kwenye mrija wa uzazi, kabla ute na ganda havijawekwa. Kisha yai hushuka taratibu kwa takriban saa 25, ndani ya mwili wenye joto la nyuzi 41 hivi, na muda wote huo seli zinagawanyika: mbili, nne, nane. Linapofika kwenye kiota, kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kina seli kama 40,000 hadi 60,000. Vunja yai bichi kwenye sahani uone. Juu ya kiini pana duara la milimita 4 hivi, lenye pete nyeupe pembeni na katikati pamefifia. La kuku asiyepandwa lina doa dogo tu, jeupe, lisilo na pete. Mgawanyiko wote hufanyika kwenye lile duara lenye pete. Njano iliyobaki ni chakula.

Yai likipoa chini ya nyuzi 20 hivi, seli husimama zikasubiri. Likiachwa kwenye chumba cha bati chenye nyuzi 30, haziwezi kulala wala kujenga sawasawa. Huendelea kwa kusuasua, huchoka, hufa. Ukilimulika kwa tochi gizani siku ya saba huoni mshipa hata mmoja, ukaamua halikurutubishwa. Hapo ndipo jogoo anapochinjwa bure. Livunje: kama duara ni pana kuliko la yai bichi, kiinitete kilikuwemo.

Yai likihifadhiwa vizuri na kupata nyuzi 37.5, siku ya kwanza ndiyo yenye mambo. Mstari hujitokeza katikati ya duara, na seli huzama kupitia humo zikajipanga tabaka tatu. La nje litakuwa ngozi, manyoya, ubongo na mishipa ya fahamu. La kati litatoa moyo, damu, misuli, mifupa na figo. La ndani litakuwa ini, mapafu na utando wa utumbo. Tabaka la nje hujikunja mgongoni likawa mrija, chanzo cha ubongo na uti wa mgongo. Kando yake, kila dakika 90 hivi, huongezeka jozi ya vipande vitakavyokuwa pingili, mbavu na misuli.

Moyo nao huanza ukiwa mirija miwili, mmoja kila upande, ambayo husogea hadi ikaungana katikati. Isipokutana, kila mmoja hujaribu kuwa moyo peke yake na kiinitete hakidumu. Ikikutana, moyo unadunda kabla ya saa 48 kutimia. Ukimulika baadaye ukakuta pete ya damu bila mishipa, ujue kilifia siku hizi za mwanzo, mara nyingi kwa joto kuyumba.

Siku ya tatu machipukizi ya mbawa na miguu hutokea. Vidole mwanzoni vimeungana kwa ngozi. Seli za katikati hufa kwa mpango, vikaachana. Kwa bata nyingi hazifi, ndiyo maana ana utando wa kuogelea. Mifupa huchota kalisi kutoka kwenye ganda lenyewe. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, la sivyo kiinitete hugandamana na utando wa ganda.

Siku ya 19 na 20 kiini kilichobaki huvutwa tumboni kupitia kitovu, na kifaranga hutoboa chumba cha hewa, ile nafasi iliyo upande butu wa yai, akaanza kutumia mapafu. Ukimvunjia ganda mapema, hutoka kiini kikining'inia na kitovu kikivuja damu.

Kwa hiyo mayai ya kuatamiwa yakae ncha chini, chumba chenye ubaridi kuliko vyote, sakafuni na si darini, yasizidi siku saba. Oktoba, siku nne zatosha.