Punda Walizuiwa, Mafuta Yakapita: Vikwazo Dhidi ya Mussolini

Kwenye orodha ya bidhaa ambazo Italia haikutakiwa kuuziwa kuanzia tarehe 18 Novemba 1935, walikuwamo punda, nyumbu na ngamia. Mafuta hayakuwamo. Wala makaa ya mawe, wala chuma cha pua. Wakati huo jeshi la Benito Mussolini, dikteta wa Italia, lilikuwa limeshavuka mto Mareb kutoka Eritrea, koloni la Italia, tangu Oktoba 3, likiingia Ethiopia kwa malori, vifaru na ndege.

Sisi tunaofundisha historia ya uhusiano wa kimataifa huulizwa mara kwa mara, hasa tangu Urusi ilipoivamia Ukraine, kama vikwazo vya nchi za Magharibi vinasaidia chochote. Mimi humrudisha muulizaji kwenye orodha ile ya 1935 nikamwambia atazame kwanza kilichoachwa.

Kuachwa huko kulikuwa na sababu. Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa na lenye makao yake Geneva, lilichukua siku chache tu kuitangaza Italia kuwa mvamizi, na nchi zipatazo 50 zikaunga mkono vikwazo. Halikuwa jambo dogo. Lakini wenye kauli walikuwa Uingereza na Ufaransa, na hofu yao kubwa ilikuwa Hitler. Ufaransa ilitaka Mussolini awe upande wake Ujerumani itakapoanza fujo. Uingereza iliwaza meli zake za kivita zilizokuwa Mediterania. Mussolini alilijua hilo, akahakikisha ujumbe unawafikia: mkigusa mafuta, ni vita.

Halafu kulikuwa na Marekani, ambayo haikuwa mwanachama. Ikasemwa kwamba wanachama wakizuia mafuta, Wamarekani watayauza wao. Si uongo mtupu, maana kampuni za Marekani ziliongeza kweli mauzo yake kwa Italia. Ila kwa wengi mjini Geneva ilikuwa kisingizio kizuri cha kuahirisha uamuzi, nao ukaahirishwa mpaka vita vikaisha.

Mfereji wa Suez, njia ya meli kutoka Italia kwenda Eritrea, iliyokuwa mikononi mwa Uingereza, nao haukufungwa. Meli zilizobeba askari na silaha za Italia zilipita hapo zikilipa ushuru kama meli nyingine yoyote. Mkataba wa 1888 ulitaka mfereji uwe wazi wakati wa amani na wa vita, na London ikaung'ang'ania. Ajabu ni kwamba mkataba wa Shirikisho wenyewe, ambao Italia ilikuwa imeutia saini na kuuvunja, haukung'ang'aniwa hivyo. Kabla ya uvamizi, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimezuia silaha zisiuzwe kwa upande wowote. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha. Ethiopia ilitegemea za kununua.

Vikwazo nusunusu vilimfaa Mussolini nyumbani, kwa sababu alipata cha kuwaambia watu wake: tunaonewa. Tarehe 18 Desemba 1935 Waitalia waliitwa kutoa pete zao za ndoa kwa ajili ya taifa. Malkia Elena alitoa yake mjini Roma, penye kaburi la askari asiyejulikana, na wanawake waliotoa za dhahabu wakapewa pete za chuma wavae badala yake. Siku hiyohiyo London, waziri wa mambo ya nje, Samuel Hoare, alijiuzulu. Yeye na Pierre Laval, waziri mkuu wa Ufaransa, walikuwa wamepanga kwa siri kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili yaishe. Magazeti ya Paris yakaufichua mpango huo, na wananchi wa Uingereza wakaja juu kuliko serikali yao ilivyotarajia.

Kule Ethiopia ndege za Italia zilikuwa zikimwaga gesi ya haradali, sumu inayochoma ngozi na mapafu, iliyopigwa marufuku na Itifaki ya Geneva ya 1925. Addis Ababa ikatekwa Mei 5, 1936. Mfalme Haile Selassie alipopanda jukwaani Geneva tarehe 30 Juni, waandishi wa habari wa Kiitalia walimzomea kwa miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Mkalimani wa Hitler, Paul Schmidt, alisimulia baadaye kwamba Mussolini mwenyewe alikiri mwaka 1938: mafuta yangezuiwa, angelazimika kuondoka Ethiopia ndani ya wiki moja.

Hakuondolewa na vikwazo. Aliondolewa mwaka 1941, baada ya yeye mwenyewe kuitangazia Uingereza vita, na miongoni mwa waliopigana kutoka Kenya hadi Addis Ababa walikuwamo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza) kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mwaka 2022 haukuwa nakala ya 1935. Safari hii aliyevamiwa alipewa silaha, na mabilioni ya dola ya akiba ya benki kuu ya Urusi yalizuiwa ndani ya siku chache baada ya uvamizi wa Februari 24. Lakini marufuku ya Umoja wa Ulaya kwa mafuta ghafi ya Urusi yanayosafirishwa kwa meli ilianza Desemba 5, zaidi ya miezi tisa baadaye. Hungary, Slovakia na Czech ziliruhusiwa kuendelea kupokea yao kwa bomba. Gesi asilia ilibaki nje ya marufuku mwaka ule wote.