Runinga ya HD, waya wa rangi tatu

"Runinga ni ya HD, king'amuzi ni cha HD, basi naangalia HD." Ukichungulia nyuma ya runinga hiyo, unakuta waya wa AV: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Hapo hakuna HD, yaani picha kali yenye nukta nyingi, hata chembe.

Neno "dijitali" ndilo limewachanganya watu. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na wengi wakaamini tangu siku hiyo kila kitu ni dijitali mpaka sebuleni. Matangazo yanaingia kwenye king'amuzi yakiwa dijitali, ni kweli. Lakini tundu la njano linayatoa yakiwa analojia, mistari 576 basi, huku rangi na mwanga vikisafiri ndani ya waya mmoja. HD kamili ni nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Kwa waya wa njano zinabaki kama laki 4. Runinga haijapokea kitu, na nukta nne kati ya kila tano zimeshatupwa. Tena rangi na mwanga vinaingiliana njiani: msomaji habari akivaa shati la mistari myembamba, vijirangi vya upinde wa mvua vinacheza kifuani pake, na namba za mgongoni mwa wachezaji huzisomi.

Kinachoudhi zaidi ni kile kikasha cha kugeuza AV kuwa HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti kidijitali. Kina swichi ya 720p na 1080p, namba hizo zikiwa idadi ya mistari ya picha. Ukikiunga, runinga inaandika 1080p na mwenye nyumba anaridhika. Kinachofanyika ni kuivuta picha ileile ya mistari 576 ijae kioo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kikasha hicho kinafaa kwa deki ya zamani na runinga isiyo na matundu ya AV. Kama king'amuzi chako kina tundu la HDMI, hela hiyo nunulia waya wa HDMI wa mita 1.5.

Kisha uunge hivi. Zima vyote viwili kwenye swichi ya ukutani. Chomoa AV kabisa, uiondoe, maana ukiiacha kuna mtu atabonyeza rimoti na kuirudia. Chomeka HDMI, washa, bonyeza Source, chagua HDMI yenye namba ya tundu ulilotumia. Sasa ingia menyu ya king'amuzi, sehemu ya video, uangalie kama imebaki 576i (i ni mistari inayoletwa kwa zamu, p ni yote kwa pamoja). Weka 1080i au 1080p. Hatua hii ndiyo mafundi wengi wanairuka, na mteja anasema HDMI haina tofauti. Chaneli nayo lazima iwe inarushwa kwa HD.

"Component, zile waya tatu za picha, ni AV tu." Si kweli. Kijani, bluu na nyekundu zinabeba HD, kwa kawaida mpaka 1080i, na waya ukiwa mzuri utapata shida kuitofautisha na HDMI. Sauti inahitaji waya zake. Tatizo ni vifaa: deki za Blu-ray (diski za filamu za HD) zilizotengenezwa baada ya 2010 hutoa picha ya SD tu, yaani isiyo HD, kwenye analojia, na za baada ya 2013 hazitoi kabisa. Ukiona picha nyeusi na nyeupe, angalia kama njano imechomekwa kwenye tundu la kijani kabla hujamwita fundi.

"HDMI ya bei ghali inakoleza rangi." Haikolezi. Waya mbovu wa HDMI unaonyesha vidoti vinavyometameta, picha inakatika, au kioo kinakuwa cheusi. Rangi ikipauka, tafuta kwenye mipangilio ya picha. Unaponunua soma lebo: High Speed inatosha 1080p, Premium High Speed ni ya 4K (nukta mara nne ya HD kamili) ya picha 60 kwa sekunde. Kwa 4K, ukizidi mita 5 chukua HDMI ya nyuzi za mwanga, na ncha iliyoandikwa Source iingie kwenye king'amuzi au deki. Ukiigeuza, hupati picha.